Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii twaitamka mlangoni, mgeni angali hajavua viatu, na maana yake ni kwamba siku hiyo mapishi yatazidi ya siku nyingine, na mwenyeji naye atakula mchuzi ambao lau si mgeni asingeuonja. Leo naichukua methali hiyo niipeleke mbali, hadi mji wa Vienna katika nchi ya Austria. Huko, kwa zaidi ya miaka mia moja, pamekuwa na mzozo juu ya mgeni mmoja asiyependeza sana: muziki uliotungwa na Arnold Schoenberg pamoja na wanafunzi wake wawili, Alban Berg na Anton Webern, mwanzoni mwa karne ya ishirini.

Suali lenyewe ni hili. Je, yafaa muziki huo mgumu upigwe usiku mmoja, jukwaa moja na kwa mikono ile ile, pamoja na kazi za kale zinazopendwa za Haydn, Mozart, Beethoven na Brahms? Wako wasemao kwamba huo ni ukorofi. Mtu kalipa tikiti yake, kavaa nguo zake nzuri, kaja kumsikia Beethoven. Kwa nini ashikwe nusu saa nzima na sauti zisizomwingia masikioni? Wengine wasema kila kitu kiwe na siku yake: wapenda mapya wakutane peke yao, na wapenda ya kale waachwe na raha yao.

Rai yangu ni kwamba mgeni huyu na mwenyeji huyu wakitenganishwa, wote wawili wanaharibikiwa. Na ushahidi hauhitaji kutafutwa mbali. Umo katika maisha ya watu waliokuwa wa kwanza kuwaketisha pamoja.

SAUTI YA NYUMBANI

Kwanza tuelewane juu ya ugumu wenyewe. Mpenzi wa taarab anajua, bila ya kufundishwa darasani, kwamba wimbo una kwao. Mpigaji wa udi akianza taksimu huonyesha kwanza makazi ya maqam yake, kisha hutoka akatembea huku na huko, akapanda, akashuka, hata wasikilizaji wakaingiwa na hamu. Halafu hurudi nyumbani, na hapo ndipo watu huguna kwa raha. Muziki wa kale wa Ulaya umejengwa kwa njia nyingine, lakini nao una sauti ya nyumbani ambayo sikio huingojea. Beethoven aweza kukupeleka msituni usiku wa giza. Hata hivyo wajua kwamba nyumba ipo na taa inawaka.

Mwaka 1908 Schoenberg alianza kutunga muziki usiokuwa na nyumba hiyo. Sauti zote kumi na mbili zilizomo katika kinanda zikawa sawa, hapana iliyo mama wala iliyo mtoto. Sikio lililozoea kungojea marejeo likabaki likingoja. Ni kama kupanda jahazi ambalo nahodha wake hakutaja bandari. Abiria wengine hufurahia bahari. Wengi hushikwa na kichefuchefu.

Na jambo hilo alilifanya katika muziki wa sebuleni, yaani ule wa watu wachache, usiokuwa na okestra kubwa. Mtindo ulioheshimiwa kuliko yote katika muziki huo ni kwateti: fidla mbili, viola moja na selo moja. Hapana kiongozi anayesimama mbele na kijiti, wala hapana ngoma ya kuficha makosa. Wanne wanasikilizana, na kila kosa linasikika. Haydn, Mozart na Beethoven waliweka humo fikira zao za ndani kabisa. Kwa hiyo mtu aliyeleta ugeni katika kwateti alikuwa ameuingiza mahali pa heshima pa nyumba, si barazani.

MLINZI WA KALE NDIYE ALIYEFUNGUA MLANGO

Msomaji huenda akadhani kwamba waliompokea Schoenberg walikuwa vijana watukutu waliochoka na wazee wao. Sivyo. Mlango ulifunguliwa na mlinzi mkubwa wa ya kale katika mji ule.

Jina lake ni Arnold Rosé. Alizaliwa mwaka 1863, na mwaka 1881, angali kijana, akawekwa kuwa fidla ya kwanza katika okestra ya jumba la opera la mfalme huko Vienna, kazi aliyoishika kwa zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 1882 akaunda kwateti yake mwenyewe. Brahms mwenyewe, mzee aliyetambulikana kuwa nguzo ya ukale, alikuwa akiwakabidhi kazi zake wazipige kwa mara ya kwanza. Mojawapo ni utungo wake wa ala tano wa mwaka 1890. Aliyetaka kusikia Beethoven namna wajuzi wa Vienna walivyomtaka apigwe, alikwenda kwa Rosé.

Basi ni Rosé huyo huyo aliyeupiga mwaka 1902 utungo wa Schoenberg wa ala sita uitwao Verklärte Nacht, ambao chama kimoja cha wanamuziki mjini humo kilikuwa kimeukataa. Sababu mojawapo ya kuukataa yachekesha: ndani yake mlikuwa na sauti zilizopangwa pamoja kwa namna ambayo haimo katika vitabu vya mafunzo. Schoenberg baadaye alikuwa akifanya mzaha kwamba ni kweli, kisichokuwapo hakiwezi kupigwa. Mwaka 1907 Rosé akapiga kwateti ya kwanza ya Schoenberg. Watu wakazomea, na Gustav Mahler, mtungaji mashuhuri na shemeji yake Rosé, akasimama ukumbini kumkabili mzomeaji mmoja. Yasimuliwa kwamba yule bwana alimjibu kuwa hata kazi za Mahler mwenyewe huzizomea. Na Mahler hakuwa mtu wa kujidai kwamba anaelewa kila kitu. Alikiri kwamba amezoea kusoma kurasa zenye mistari thelathini ya ala kwa mpigo, lakini mistari minne ya kijana huyu ilimshinda.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 21 Desemba 1908. Rosé na wenzake walipiga kwateti ya pili ya Schoenberg, utungo alioutabaruku kwa mkewe Mathilde katika mwaka ambao ndoa yao nusura ivunjike. Una sehemu nne. Ya kwanza ina nyumba yake ya kawaida, ingawa kuta zimeanza kutikisika. Katika ya pili kinachomoza kijiwimbo cha mitaani cha Vienna kinachojulikana na kila mtoto, na hapo ukumbi ukacheka. Katika ya tatu na ya nne anaingia mwimbaji wa kike, jambo lisilozoeleka kabisa katika kwateti. Usiku ule alikuwa Marie Gutheil-Schoder wa jumba la opera. Sehemu ya nne imeandikwa bila ya zile alama za mwanzo wa mstari zinazotaja makazi ya wimbo. Hapo ndipo sauti ya nyumbani ilipoachwa. Walakini mwisho kabisa, baada ya kuelea kote huko, utungo unatua taratibu pale pale ulipoondokea.

Wengi ukumbini hawakufika huko kwa masikio yao, kwani walikuwa wakicheka, wakizomea na kupigiana kelele. Lakini tazama ajabu ya utungo wenyewe: ya kale na mapya vimekwisha ketishwa pamoja ndani yake. Mwenye kuupiga ni lazima awe bingwa wa yote mawili, ama sivyo hataonyesha kinachoachwa ni kipi na kinachorejewa ni kipi.

MWENYEJI NAYE ALIKUWA MGENI

Hapa yafaa tuukumbuke ujana wa huyo mwenyeji tunayemheshimu. Tarehe 21 Machi 1826, kwateti ya Ignaz Schuppanzigh ilipiga huko huko Vienna kazi mpya ya Beethoven iliyomalizikia kwa sehemu ndefu na kali iitwayo Grosse Fuge. Mhakiki mmoja akaandika kwamba sehemu hiyo haifahamiki, ni kama Kichina. Mchapishaji akamwomba Beethoven atunge mwisho mwingine ulio mwepesi, naye, mtu asiyekuwa mwepesi wa kukubali, akakubali. Ile Grosse Fuge ikachapishwa peke yake. Beethoven akafariki Machi 1827, na kipande hicho kikakaa miaka mingi kikionekana kuwa mzaha wa mzee aliyepoteza usikivu.

Mozart naye, mwaka 1785, alianza kwateti yake moja kwa sauti zinazogongana kwa namna iliyoipatia kazi hiyo jina la utani la Mgongano mpaka leo. Mtu akiisikia asubuhi redioni, akiwa anakunywa chai, hagutuki hata kidogo. Mazoea yamekwisha kuinyoa kucha.

Na hii ndiyo faida ya kwanza ya kumwalika mgeni. Mpige Webern, zile Bagatelle zake sita alizozitunga kati ya 1911 na 1913, ambazo zote sita hazipiti dakika nne au tano. Kila sauti ndani yake imepimwa kama dhahabu kwa sonara. Kimya nacho kina uzito. Kisha, bila ya kukawia, piga Grosse Fuge. Sikio lililokwisha kunolewa na Webern haliwezi tena kusinzia kwa Beethoven. Litasikia ukali uliowatisha watu wa 1826. Mwenyeji amepona maradhi ya kuzoeleka.

Faida ya pili ni ya mgeni. Akipigwa peke yake, katika kikao cha wajuzi watupu, Schoenberg huonekana mtu asiye na ukoo. Akipigwa baada ya Brahms, ukoo wake unajitokeza. Mwenyewe aliandika kwamba waalimu wake walikuwa kwanza Bach na Mozart, kisha Beethoven, Brahms na Wagner, na akatoa hotuba nzima ya redio mwaka 1933 kuonyesha kwamba Brahms, huyo aliyeitwa wa kale, alikuwa mtu wa kusonga mbele. Tena Schoenberg hakupata masomo marefu ya chuo. Alijifunza sehemu kubwa kwa kupiga selo katika vikundi vya marafiki, akizipiga kazi hizo hizo za kale.

CHAMA KISICHOTAKA MAKOFI

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Schoenberg aliona kwamba ugomvi mwingi unatokana na upigaji mbaya. Mazoezi mawili matatu, kisha jukwaani. Wapigaji hawajui wanachopiga, wasikilizaji watajuaje? Basi Novemba 1918 akaanzisha Vienna chama cha kupigia muziki wa wakati huo faraghani, kwa wanachama tu. Masharti yake yalikuwa ya ajabu. Orodha ya nyimbo haikutangazwa mapema, ili mtu asichague usiku wa kuja na usiku wa kukaa nyumbani. Kazi ngumu zilirudiwa mara kadhaa. Makofi yalikatazwa, na mizomeo pia. Wahakiki wa magazeti hawakukaribishwa. Nasi wa kazi hii tulimeze hilo kwa maji baridi.

Mtu wa taarab atashangaa. Kwetu mwimbaji akiupiga mshipa wa moyo wa mtu, mtu huyo huinuka akaenda kumtuza, na tuzo hilo ni sehemu ya onyesho. Lakini shabaha ya Schoenberg ilikuwa kuliondoa sikio katika kazi ya uhakimu hata limalize kwanza kazi ya kusikia. Mwanzoni hakuruhusu hata tungo zake mwenyewe zipigwe. Alitanguliza za wengine, kama vile Debussy, Reger na Mahler. Mpaka chama kilipokufa mwaka 1921 kwa ukosefu wa fedha, kilikuwa kimefanya vikao 117 na kupiga kazi 154.

Na kilipokuwa kinazama kwa umasikini, kilimkimbilia nani? Ya kale, tena ile ya watu wote. Tarehe 27 Mei 1921 walipanga usiku wa waltz za Johann Strauss, zile za kuchezewa karamuni, ambazo Schoenberg, Berg na Webern walizipunguza kwa mikono yao zipate kupigwa na watu wachache. Webern akashika selo, Berg akaketi kwenye kinanda cha mvukuto. Mwisho wa usiku maandishi yao yakapigwa mnada ili kukisaidia chama. Watu waliodaiwa kuubomoa muziki wa Vienna walikuwa wakiupenda hata katika mavazi yake ya harusini.

KWA MOYO

Katika chama hicho alikuwamo kijana Rudolf Kolisch. Alipokuwa mtoto aliumia kidole cha mkono wa kushoto, akajifundisha upya kupiga fidla kinyume, upindo ukiwa mkono wa kushoto. Dada yake, Gertrud, aliolewa na Schoenberg mwaka 1924 baada ya Mathilde kufariki. Kwateti aliyoiunda Kolisch ilipata sifa moja iliyowashangaza watu wa Ulaya na Marekani: ilipiga kwa moyo, bila ya kuweka karatasi mbele. Sisi tuliolelewa vyuoni, tukaona watu waliohifadhi tenzi ndefu wakazisoma usiku kucha bila ya kutazama kitabu, twajua tofauti iliyopo baina ya kusoma kitu na kuwa nacho kifuani. Wanne hao walikuwa nacho kifuani, na macho yao yalikuwa huru kutazamana.

Januari 1937, huko Los Angeles, katika ukumbi wa Royce wa Chuo Kikuu cha California, Kolisch na wenzake walifanya jambo ambalo ni mfano mzuri kuliko yote ya maudhui yetu. Katika mausiku manne walipiga kwateti zote nne za Schoenberg, na kila moja wakaioanisha na kwateti ya Beethoven ya miaka yake ya mwisho. Ile ya nne ya Schoenberg ilikuwa ikisikika kwa mara ya kwanza duniani. Gharama zilibebwa na Elizabeth Sprague Coolidge, bibi wa Kimarekani aliyeutumia utajiri wake kuulea muziki wa sebuleni. Kwateti hizo nne za Schoenberg zikanaswa pia katika sahani za santuri ndani ya studio ya filamu, kwa msaada wa Alfred Newman, mtungaji wa muziki wa sinema aliyekuwa akisoma kwa Schoenberg.

Wala Kolisch hakumtumia Beethoven kama tende ya kufichia kidonge. Miaka sita baadaye, mwaka 1943, alichapisha makala ndefu akidai kwamba kasi alizoziandika Beethoven kwa mkono wake zifuatwe, maana wapigaji walikuwa wamezoea kuzipuuza. Fundi wa mapya ndiye aliyesimama kuitetea amana ya kale.

SISI NA VINA VYETU

Msomaji atauliza, haya yatuhusu nini? Yatuhusu, kwani mzozo huu tunao nyumbani. Mwaka 1973 Abdilatif Abdalla alitutolea Sauti ya Dhiki, mashairi yaliyofungwa barabara kwa vina na mizani. Mwaka uliofuata Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, yasiyokuwa na vina wala mizani. Maneno yaliyofuata, guni si guni, shairi si shairi, hayajesha mpaka leo. Mimi ni mtu wa vina, na nitazikwa nikiwa hivyo. Lakini mwalimu anayefundisha vitabu hivi viwili bega kwa bega huwafanya wanafunzi wasikie kina kinafanya kazi gani, kwa sababu wamekisikia kikiwapo na wamekisikia kikikosekana.

Hata ndugu zetu wa Misri, ambao muziki wao ulitufikia kwa santuri na redio ukaingia katika taarab yetu, walilikabili jambo hili. Mwaka 1932 Mfalme Fuad aliwakusanya Cairo wajuzi wa muziki wa Kiarabu na wa Ulaya. Miongoni mwa wageni alikuwako Béla Bartók, na alikuwako Egon Wellesz aliyesoma kwa Schoenberg. Walijadiliana, mara nyingine kwa ukali, kama piano iingizwe katika muziki wa Kiarabu, na kama robo-sauti zipimwe sawasawa kwa hesabu. Hawakuafikiana katika yote, lakini walisikilizana.

GHARAMA YA KUFUNGA MLANGO

Asiyeona uzito wa suala hili na atazame yaliyofuata. Mwaka 1933 Manazi walipotwaa serikali ya Ujerumani, Schoenberg, kwa kuwa ni Myahudi, aliondolewa katika kazi yake ya ualimu Berlin, akahama. Mwaka 1938, katika mji wa Düsseldorf, yakafanywa maonyesho ya kuutukana muziki walioita uliopotoka, na wake ukiwamo. Walijitia kuwa wanailinda amana ya kale isichafuliwe.

Mwaka huo huo waliingia Vienna. Je, Arnold Rosé, mtumishi wa Brahms na Beethoven kwa zaidi ya nusu karne, walimwacha? Naye alikuwa wa asili ya Kiyahudi; akafukuzwa katika okestra, akakimbilia London, na huko akafariki mwaka 1946. Binti yake Alma, mpigaji fidla, alikamatwa akapelekwa kambi ya Auschwitz, akafanywa kiongozi wa okestra ya wanawake wafungwa, na humo akafa mwaka 1944. Waliosema wanamfukuza mgeni walimfukuza na mwenye nyumba.

KUSIKILIZA

Mwaka 2024 ulitimia mwaka wa 150 tangu kuzaliwa Schoenberg, na bado wapo watu ambao wakiliona jina lake katika orodha ya nyimbo hubaki nyumbani. Sisemi kwamba wana dhambi. Si kila jipya ni zuri, na kuketishwa karibu na Beethoven hakumfanyi mtu kuwa Beethoven. Lakini kuna njia ya kufanya jambo hili kwa adabu. Wapigaji wafanye mazoezi ya kazi ngumu kwa juhudi ile ile wanayoiweka katika kazi pendwa, wala wasiitupe katikati ya usiku ili watu wasipate mahali pa kutokea. Wachague jirani anayefaa: Brahms kwa Schoenberg, Beethoven wa mwisho kwa Webern. Na ikiwa kazi ni fupi, waipige mara mbili.

Msikilizaji naye ana wajibu wake, nao ni mdogo. Asiitafute sauti ya nyumbani mahali ambapo mtungaji ameiacha makusudi. Amfuate mpigaji mmoja tu, mathalani selo, tangu mwanzo hadi mwisho, kama vile mtu anavyomfuata msemaji mmoja katika baraza lenye kelele. Kisha Beethoven akianza, asikilize kwa namna hiyo hiyo. Pale atakaposikia katika wimbo anaoujua tangu ujana wake jambo ambalo hajapata kulisikia, atakuwa ameuonja ule mchuzi wa mgeni.